Msikilizaji wa Kitengela na Ubingwa wa Klabu za Afrika: Suala la Lugha ya Mpira wa Kikapu

Mnamo Mei 2025 klabu ya Nairobi City Thunder iliingia katika ukumbi wa BK Arena mjini Kigali kushindana na APR ya Rwanda, Al Ahli Tripoli ya Libya na MBB ya Afrika Kusini. Ilikuwa klabu ya kwanza kutoka Kenya kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake, BAL. Thunder haikuvuka kundi hilo. Al Ahli Tripoli ilisonga mbele hadi Pretoria, na tarehe 14 Juni ikatwaa ubingwa wa bara zima kwa kuishinda Petro de Luanda ya Angola 88-67. Kwa hiyo Wakenya hao walikuwa wamepambana na mabingwa wenyewe, tena mara mbili, maana katika kundi lile kila klabu ilikutana na kila mwenzake mara mbili. Walirudi nyumbani na jambo la kusimuliwa.

Je, jambo hilo lisimuliwe vipi kwa Kiswahili? Swali hili si la mzaha, na mahali pazuri pa kuliuliza ni Kitengela. Mji huo wa Kaunti ya Kajiado, ulio kusini mwa Nairobi kando ya barabara ya Namanga, ulihesabiwa kuwa na wakazi 154,436 katika sensa ya 2019. Wengi wao ni wahamiaji walioletwa na viwanda vya Athi River, likiwemo eneo la EPZ lililoanzishwa mwaka 1990, au na kodi ya nyumba iliyowashinda Nairobi. Mmasai, Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mkisii na Msomali hupangishana nyumba, huuziana mboga na hugombania nauli kwa Kiswahili. Barabara yenyewe huendelea hadi mji wa Kajiado, ikafika Namanga na kuingia Tanzania kuelekea Arusha. Ni barabara ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyeketi ndani ya matatu jioni, redio ikisema, ana haki ya kuusikia mchezo wa Kigali kwa lugha anayoitumia tangu asubuhi. Kwa kawaida anachokipata ni matokeo tu: nani amemshinda nani, na kwa ngapi. Mchezo wenyewe, jinsi ulivyochezwa na kwa nini ulipotea, humpita.

Makala haya yanaeleza mashindano hayo ya klabu yalivyo na yalikotoka, na papo hapo yanachunguza ni wapi Kiswahili kinauweza mchezo huu na ni wapi kinababaika. Mambo haya mawili hayatenganishiki, kwa sababu mara nyingi anayeshindwa kuyaeleza mashindano hushindwa kwanza na maneno.

Kikapu chenye kitako

Jina la mchezo lina historia iliyosahauliwa na wachezaji wengi. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alitafuta mchezo wa kuwachangamsha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13. Kimo hicho hakijabadilika hadi leo. Ndicho mita 3.05 za vitabu vya kanuni. Vikapu vile vilikuwa na kitako, hivyo kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Baadaye kitako kiliondolewa, ikabaki pete ya chuma na wavu.

Kwa hiyo Kiswahili kinaposema mpira wa kikapu kimehifadhi kitu ambacho mchezo wenyewe ulikitupa zamani. Kikapu cha Mswahili, kilichosukwa kwa ukindu au miyaa, hakina maana bila kitako. Tafsiri hii imeshika vizuri hata hivyo, na haina kasoro ya kisarufi wala ya kimantiki. Lugha hazilazimiki kufuata mabadiliko ya vifaa. Pengine kama mfasiri wa kwanza angekuwa Machakos badala ya pwani, watu wa Kitengela leo wangecheza mpira wa kiondo. Kando ya jina hilo rasmi limekuwepo pia la mkopo, basketiboli, ambalo vijana wamelipunguza kuwa basketi. Majina hayo hayagombani. La kwanza ni la gazeti na darasa, la pili ni la kiwanjani.

Tatizo haliko kwenye jina la mchezo. Liko ndani ya mchezo.

Deni la kandanda

Kiswahili cha michezo kililelewa na kandanda, na mlezi wake mkuu alikuwa redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 baada ya miaka mingi katika Sauti ya Kenya na KBC, pamoja na Charles Hilary wa Tanzania, aliyefariki Mei mwaka huohuo, ni miongoni mwa watangazaji waliowafanya wasikilizaji wauone uwanja kwa masikio. Hawakuwa na kamati ya istilahi iliyowatangulia. Walikuwa na mpira unaokwenda kasi na sentensi iliyopaswa kumalizika kabla mpira haujatoka nje. Humo ndimo chenga, kona, shuti, mlinda lango na mengineyo yalimozoeleka. Magazeti, Taifa Leo likiwemo, yaliongeza mapambo: gozi, masogora, mibabe, kuchabanga, kutandika.

Mpira wa kikapu ulipohitaji maneno ulikwenda kuazima kwa ndugu yake huyo. Baadhi ya maazimo yalifaa: kocha, nahodha, mwamuzi, pasi, mlinzi. Mengine yamekaa kama nguo ya mtu mwingine.

Chukua neno sare. Katika kandanda ni nusu ya maisha, ilhali katika mpira wa kikapu halina kazi, kwa kuwa timu zikilingana mwishoni huongezwa dakika 5, na 5 nyingine, hadi mshindi apatikane. Mtangazaji anayesema kuwa timu zimetoka sare katika robo ya tatu hakukosea hesabu, lakini amemfanya msikilizaji afikiri kuwa kuna jambo limeisha.

Chukua robo. Mchezo kwa kanuni za FIBA una sehemu nne za dakika 10 kila moja, na Kiswahili huziita robo. Hatua ya mashindano inayobakiza timu nane nayo ni robo fainali. Ndiyo maana msikilizaji huweza kuambiwa kwamba Thunder, au klabu yoyote ile, imezidiwa katika robo ya nne ya robo fainali, naye akabaki akihesabu vidole. Neno kipindi lingeondoa utata huo mara moja: kipindi cha nne cha robo fainali. Kandanda ina vipindi viwili, mpira wa kikapu una vinne. Msikilizaji atazoea kwa siku moja.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika alama. Katika kandanda, bao ni kitu kimoja na alama au pointi ni kitu kingine. Mabao hupatikana uwanjani, alama huandikwa kwenye msimamo wa ligi. Katika mpira wa kikapu, kinachopatikana uwanjani ndicho kinachoitwa alama: 1 kwa mtupo huru, 2 kwa mtupo wa kawaida, 3 kwa mtupo wa nje ya tao, ambalo FIBA ililisogeza hadi mita 6.75 mnamo 2010. Lakini msimamo wa kundi nao una alama zake, na kwa utaratibu wa FIBA mshindi hupewa 2 naye aliyeshindwa hupewa 1. Basi sentensi kama "Thunder imepata alama mbili" yaweza kumaanisha kwamba imetumbukiza mpira mara moja au kwamba imeshinda mchezo mzima. Mwandishi makini hana budi kuchagua. Njia rahisi ni kuacha alama zibaki za uwanjani, na katika msimamo kuhesabu ushindi: Al Ahli ina ushindi mara tano, APR mara nne, na kadhalika kwa mfano. Hivyo ndivyo mashabiki wa mchezo huu wenyewe wanavyousoma msimamo.

Kuna pia kitenzi kufunga. Kufunga bao kumekubalika kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kwamba kufunga ni kuziba au kutia kamba. Ukikipeleka kitenzi hicho kwenye kikapu, maana ya kwanza huamka. Kwa mama anayesafiri kutoka Kitengela kwenda kwao Makueni, kufunga kikapu ni kukiziba mdomo ili mayai yasimwagike, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kutia kikapuni ni sahihi zaidi na ni fupi. Tena Kiswahili kina kutumbukiza, kauli ya kutendesha ya kutumbukia, inayobeba picha ya kitu kinachozamishwa kutoka juu kwa nguvu. Hilo lingetengewa tendo moja tu: mchezaji anaporuka hadi juu ya pete na kuusukuma mpira chini kwa mkono. Watangazaji wengi hulitumia kwa mtupo wowote ule, na kwa kufanya hivyo huipoteza silaha yao kali. Likitumiwa kila dakika, siku ya tendo lenyewe mtangazaji hubaki akipiga kelele bila neno.

Mahali ambapo Kiswahili kimejitosheleza

Isidhaniwe kwamba lugha hii ni ombaomba. Yapo mambo ambayo inayaeleza kwa usahihi kuliko Kiingereza kinachotumiwa na waamuzi. Mpira hudunda, mchezaji huudundisha. Kutoka kitenzi kimoja, kwa kubadili kauli, hupatikana mpira na mchezaji, kila mmoja na kazi yake. Zaidi ya hayo, kudundisha si kupiga chenga. Mchezaji aweza kuudundisha mpira uwanja mzima bila kumdanganya mtu, na aweza kupiga chenga kwa bega tu, mpira ukiwa umetulia mikononi. Kiingereza huyaita yote mawili kwa neno moja kikivuka kutoka kandanda hadi kikapu. Kiswahili kinayo mawili tayari, na mwalimu wa michezo akiyatenganisha darasani hata ufundishaji huwa mwepesi: kwanza dundisha, ndipo ujifunze chenga.

Yapo pia kunyakua, kupora, kupokonya, kuzuia, kupangua, ambayo kila moja hutaja tendo la pekee chini ya ubao. Kupokonya ni kuutoa mpira mkononi mwa mwenzio. Kupora ni kuudaka ukiwa njiani. Kupangua ni kuusukuma nje mpira uliokwisha kurushwa. Mipaka hii haijaandikwa mahali popote, lakini imo ndani ya maneno yenyewe kwa yeyote aliyeyakulia.

Mathalani, tukio la kubuni la sekunde za mwisho laweza kutangazwa hivi: "Zimesalia sekunde tisa. Mchezeshaji anadundisha, mlinzi hampi nafasi. Chenga kushoto, ampasia mwenzake pembeni, nje ya tao. Arusha... wagonga pete, warejea! Umenyakuliwa chini ya ubao, juu kwa juu, atumbukiza!" Ukiondoa pasi, hakuna neno hapo ambalo bibi wa Kitengela asiyejua mchezo atalishangaa. Anaweza asijue kanuni, lakini ameona.

Panapobaki pengo ni kwenye nomino. Vitenzi vipo, majina ya kuhesabia hayapo. Takwimu za mchezo huu ni nyingi kupita za kandanda, na kila tendo huandikwa kwa idadi. Umesikia umenyakuliwa, lakini mchezaji aliyefanya hivyo mara kumi na mbili amepata kumi na mbili za nini? Wengine husema rebaundi, wengine mipira ya marejeo. Mrejeo, wingi mirejeo, lingekuwa jepesi, na ngeli yake haina matatizo. Hata hivyo neno halishindi kwa sababu ya ngeli.

Ngazi ya kwenda juu

Yaliyo juu yanasaidia kuelewa mashindano yenyewe, ambayo nayo yana jina lenye utata. BAL inaitwa ligi, ila haichezwi kama ligi ambazo msikilizaji anazijua, za nyumbani na ugenini mwaka mzima. Ni mashindano ya ubingwa: klabu hukusanyika katika mji mmoja, hucheza makundi, kisha mtoano.

Kabla yake palikuwa na Kombe la Klabu Bingwa Afrika chini ya FIBA Afrika, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Klabu iliyolitwaa mara nyingi zaidi ni Primeiro de Agosto ya Angola, mara 9, ya mwisho ikiwa 2019. Februari mwaka huohuo NBA ya Marekani na FIBA zilitangaza kuanzishwa kwa BAL. Ilikusudiwa ianze Machi 2020 mjini Dakar. Janga la korona likaiahirisha, hata ikachezwa Mei 2021 mjini Kigali kwa klabu 12. Zamalek ya Misri ilishinda. Waliofuata ni US Monastir ya Tunisia mwaka 2022, Al Ahly ya Misri 2023, Petro de Luanda 2024, na Al Ahli Tripoli 2025.

Katika msimu wa kwanza mabingwa wa nchi sita waliingia moja kwa moja, nao ni wa Angola, Misri, Moroko, Nigeria, Senegali na Tunisia. Wengine wote walipaswa kupanda ngazi: ligi ya taifa, michuano ya mchujo, hatua ya klabu 16, ndipo fainali. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika Kanda ya Tano ya FIBA Afrika pamoja na Misri, na kwa miaka mingi ubingwa wa kanda hiyo ndio uliokuwa kilele cha ndoto za klabu za Kenya. Patriots ya Rwanda ilifika nusu fainali ya BAL mwaka 2021. City Oilers ya Uganda iliingia 2023 na 2024. Misimu minne ilipita bila klabu ya Kenya.

Hapa lazima sahihisho moja litolewe, kwa kuwa kosa lake limerudiwa sana. Thunder ni klabu ya kwanza ya Kenya katika BAL, ambayo ni ya wanaume. Si klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ubingwa wa klabu za Afrika. Wanawake wa KPA, klabu ya bandari ya Mombasa inayochezea ukumbi wa Makande, walikuwa wamekwisha kuiwakilisha Kenya katika ubingwa wa bara wa wanawake kabla ya hapo. Kiswahili cha magazeti kimewapa wachezaji hao jina la vipusa, huku wenzao wa kiume wakiitwa masogora na miamba. Tazama: mmoja anasifiwa kwa anachofanya, mwingine kwa anavyoonekana. Si ajabu basi kwamba rekodi ya vipusa ndiyo iliyo nyepesi kusahauliwa.

Makundi ya BAL nayo yamemletea mfasiri mtego. Tangu 2022 yamepewa majina ya maumbile ya Afrika: Sahara, Nile, na kuanzia 2024 Kalahari. Kiingereza huyaita kwa neno ambalo kamusi hulitafsiri kongamano. Kongamano la Nile! Msikilizaji wa Kitengela atasubiri hotuba na chai ya saa nne. Kanda haifai pia, kwani tayari ina kazi katika Kanda ya Tano. Kundi la Nile linatosha kabisa, na lina sifa ya kuwa neno ambalo mashabiki wa Kombe la Dunia wanalijua tangu utotoni.

Klabu ni ya nani?

Neno klabu lenyewe linastahili kutazamwa. Katika ligi ya Kenya majina makubwa yamekuwa Ulinzi Warriors ya jeshi, KPA ya bandari, Equity na Co-operative za benki, Strathmore na USIU za vyuo vikuu. Mtu hudhani ni ada ya Kenya peke yake, lakini ngazi ya juu ya Afrika ni hivyohivyo. AS Douanes ya Senegali, iliyofika fainali ya 2023, ni ya forodha. Petro jina lake ni mafuta. Primeiro de Agosto ni ya jeshi la Angola. REG ya Rwanda ni ya shirika la umeme. Klabu, katika mchezo huu, mara nyingi imekuwa mwajiri aliyevaa jezi. Ina faida zake: mchezaji hupata mshahara, na akistaafu hubaki na kazi. Hasara yake ni kwamba mahali hapana jina. Katika orodha hiyo yote hakuna Kitengela, hakuna Kajiado, hakuna mji wowote ambao mtoto angeutaja kuwa kwao.

Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa, katika maana ya asili ya ngoma, ni kupewa zawadi papo hapo na watu wanaokujua wewe ni mtoto wa nani. Methali hiyo humtaka mchezaji awe na kwao. Wafuasi wa klabu ya benki ni wafanyakazi wa benki na jamaa zao; siku ya mchezo viti vingi hukaa vitupu si kwa sababu watu hawaupendi mchezo, bali kwa sababu hawana wa kumtunza. Katika hilo Nairobi City Thunder ni badiliko, angaa kwa jina: ni klabu inayojiita ya jiji. Na uzito wa kwao ulionekana kwa njia ya uchungu Machi 2024, Dynamo ya Burundi ilipokataa kuvaa jezi yenye tangazo la utalii wa Rwanda mjini Pretoria, wakati nchi hizo mbili zilikuwa zimekosana. Ilipoteza michezo kwa kutocheza na ikatolewa katika mashindano. Maneno mawili kifuani yalitosha.

Kaunti ya Kajiado ilikuwa na wakazi 1,117,840 katika sensa ya 2019. Si watu wachache kukosa jina katika ngazi hiyo. Lakini Kitengela ni mji wa waliotoka kwingine, na wengi wao huamka alfajiri kwenda kazini nje yake. Kizazi cha kwanza bado kikiulizwa kwao hutaja Kisii au Kitui. Watoto wake waliozaliwa hapo ndio watakaojibu tofauti, na wao ndio wanaocheza.

Neno la Kajiado katika uwanja wa Kigali

Licha ya hayo, Kajiado imekwisha kuupa mpira wa kikapu wa Kenya neno, na neno hilo limefika mbali kuliko klabu yoyote ya nchi hiyo. Timu ya taifa ya wanaume huitwa Morans. Ni neno la Kimaasai, lugha ambayo pia ndiyo iliyoupa mji wa Kajiado jina lake, olkejuado, mto mrefu. Morani ni kijana wa rika la mashujaa. Kwa jina hilo timu ilipata nishani ya fedha katika AfroCan ya kwanza mjini Bamako mwaka 2019, na kwa jina hilo ikaishinda Angola 74-73 mjini Yaoundé Februari 2021 na kufuzu AfroBasket, mashindano ambayo Kenya haikuwa imeyacheza tangu ilipokuwa mwenyeji mwaka 1993.

Wengi hudhani jina hilo lilichaguliwa kwa ajili ya ushujaa tu. Lakini lina uhusiano mwingine ambao mkazi wa Kajiado anauona haraka. Mchezo wa kikapu huanza kwa wachezaji wawili kusimama katikati na kuruka wima, bila kukimbia, kuugombea mpira uliorushwa juu na mwamuzi. Kuruka wima bila kukimbia ndiko morani hufanya katika adumu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, iliyoanza Desemba 2012 huko Kimana, kusini mwa kaunti hiyo, mshindani wa kuruka hutakiwa aguse kamba kwa kichwa. Kiswahili hutumia kuruka kwa kila kitu: ndege huruka, mtoto huruka kamba, mwanafunzi huruka swali. Kwa mruko ule wa kuanzia mchezo hakina neno lake. Jirani analo, na Kiswahili hakijawahi kuona haya kuazima kwa majirani, Wabantu, Waarabu au Wareno.

Namna ambavyo neno morani lenyewe limeingia inaonyesha kazi iliyobaki. Katika Kimaasai umoja ni olmurrani, wingi ilmurran. Kiingereza kikalichukua, kikalikata kichwa, kikalitia herufi ya wingi wa kwake mkiani. Kiswahili cha habari kikalipokea likiwa hivyo hivyo, hata leo husomwa kwamba Morans wamewasili, Morans wameshindwa, Morans watarudi uwanjani. Upatanisho ni wa Kiswahili, mkia ni wa Kiingereza, na mwili ni wa Kimaasai. Kwa kanuni za kawaida za ngeli neno hilo lingebaki morani katika umoja na wingi, kama rafiki wengi wanavyolisema neno rafiki, au likawa mamorani, au wamorani, na kila moja ya njia hizo ina watetezi wake. Mwanafunzi wa shule iliyo kando ya barabara ya Namanga, anayeandika insha kuhusu mechi aliyoitazama Jumamosi, hulazimika kuchagua moja kabla mwalimu hajakusanya madaftari.